Tundu Katikati ya Blanketi

Jumanne asubuhi, mwezi wa tano mwaka 1953, blanketi la viraka la Daphrose lilikuwa limekwisha kushonwa pande zote, na katikati yake palikuwa na tundu.

Lilikuwa na urefu wa mguu wa mtu. Daphrose aliliacha makusudi. Ndivyo alivyoshona siku zote: alianza na kingo, kwa vitambaa vyeusi na vya kahawia, kisha akaja ndani kwa rangi zinazofifia, kama vilima vya Masisi vinavyopauka ukungu unapopanda. Kila kipande alikitandika kwanza juu ya mkeka. Alikisogeza, akakigeuza, akarudi nyuma hadi ukutani kukitazama. Kilichokataa kukaa na wenzake kilirudi kikapuni. Vitambaa vingi vilikuwa mabaki ya chumba cha ushonaji cha masista. Vingine vilikuwa nguo za nyumbani kwake.

Safari hii katikati palingoja suruali ya kaki. Ilivuliwa kwenye maiti mgodini Omate, ikaletwa pamoja na habari ya kifo cha mwanawe, Théogène. Alfajiri moja mlima uliporomoka juu ya kibanda alimolala na Paul, mwana wa jirani. Mmoja alitolewa hai, mwingine maiti. Nyuso zilikuwa zimeharibika. Kapita, msimamizi wa kazi, aliwatambua kwa vibao vya chuma vya namba za kazi, vilivyookotwa kando yao matopeni. Pasaka vijana wote wawili walikuwa nyumbani, wakinywa maziwa na kushonewa nguo na mama zao.

Maiti alizikwa kulekule. Jumamosi padri angesoma misa, na blanketi lingetandazwa kanisani mahali ambapo jeneza lingewekwa. Gatera, mumewe Daphrose, aliifua suruali mtoni, akaikunja, akaitia kikapuni. Tangu hapo Daphrose hakuwa ameikunjua.

Rosalie, mama yake Paul, alikuja kila asubuhi kusaidia. Alishona kwa mkono wa kushoto, na mishono yake ililala upande usio wa wengine. Kwa hiyo Daphrose alimpa bitana tu, upande unaotazama chini.

"Unanificha huku chini," Rosalie alisema, "sawa vile bwana anafichaka bibi wa pili."

"Shona, Mama Paul. Mushono yako inatembea kama mulevi."

"Mulevi naye anafikaka kwake."

Daphrose alikaribia kucheka. Hakuwa amecheka tangu habari ilipofika.

Gatera aliingia na kibuyu kitupu cha maziwa.

"Nimeonana na dereva wa lori ya Mubi, kule ku hospitali ya kompani," alimwambia Rosalie. "Paul iko muzima. Jana alikunywa supu. Kichwa bado imefungwa mpaka ku kidevu, hawezi kusema. Munganga anasema miguu yake inapita kitanda."

Rosalie alifanya ishara ya msalaba.

"Vitanda ya kompani," alisema, "banatengenezaka ya mbuzi."

Kisha akauona uso wa Daphrose, akainamisha macho. "Unisamehe, Mama Théogène. Furaha imenitoka kinywani."

"Usiombe musamaha juu ya mutoto wako."

Gatera alitoka kwenda kwa ng'ombe. Wanawake wawili waliendelea kushona. Bitana ilipofika ukingoni mwa tundu, Rosalie alikivuta kikapu, akakiweka mbele ya mwenzake.

"Kata sasa. Jumamosi iko karibu."

"Kata wewe," Daphrose alisema. "Mukono yangu inakataa."

Rosalie aliutoa mkono wake kikapuni kama aliyegusa chungu cha moto.

"Hapana, dada. Nguo ya mufu, mama yake njo anaikata. Mama yako njo alitufundisha vile, wewe na mimi. Akikata mwingine, mutoto atauliza mama yake alikuwa wapi."

Daphrose aliingiza mkono kikapuni. Maneno yalikuwa ya mama yake, na hayakubadilishwa hata moja. Aliitoa suruali, akaikunjua juu ya mkeka, akailaza kwenye tundu.

Alifanya kazi kwa utaratibu wake. Kitambaa cha katikati alikitaka kirefu, kisicho na kiungo. Kwa hiyo kabla ya kukata alianza kufumua pindo za chini. Pindo zilikuwa nene kuliko alivyotazamia. Zilikuwa zimekunjwa mara mbili, upana wa vidole vinne.

Aliacha kufumua.

Mgodi ulitoa suruali za kipimo kimoja kwa watu wote. Za Théogène zilimwishia juu ya vifundo vya miguu. Tangu ujana wake alikuwa akiinama kila alipoingia mlango huu. Pasaka Daphrose alimshonea vifungo vya shati. Suruali yake haikuwa na cha kupunguza.

Aliushika upindo wa mguu wa pili, ambao hakuwa ameufikia, akaupeleka kwenye mwanga wa mlangoni. Uzi ulikuwa mweusi, umevutwa sawasawa. Mishono ililala upande usio wa wengine.

Alirudi mkekani, akakaa. Upande wa pili wa blanketi Rosalie alikuwa akiimba polepole wimbo wa Bikira Maria, akivuta uzi.

"Umeshakata?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Daphrose aliokota mkasi. Aliugeuza, akashika upande wa makali, akauweka katika mkono wa kushoto wa Rosalie.