Kusita Kumeng'olewa

Siku hizi mchezaji wa sataranji ya mtandaoni huruhusiwa kung'olewa kusita kichwani, kama jino bovu. Makame, bingwa wa siku nyingi aliyekuwa akizidiwa na saa ya mchezo, aliwahi foleni. Akaanza kushinda. Mkono ulicheza kabla hajajiuliza. Hata malkia alimtoa kafara bila kupepesa macho.

Mkewe Saumu akashikwa na uchungu, mtoto akakwama. Daktari akatoka mbio.

“Bwana Makame, huenda nikaokoa mmoja tu. Mama au...”

“Mtoto,” akajibu Makame, swali halijaisha.

Mlango wa chumba alimolala Saumu ulikuwa wazi.

Mungu akawanusuru wote wawili. Makame bado anashinda, sebuleni mbele ya kompyuta. Saumu ananyonyesha nyuma yake, wala hamwulizi tena lolote, hata kama chai atakunywa ya maziwa au ya rangi.