Konokono Wasiotaga

Konokono wote wanono walikuwa tasa.

Syombua aliwapasua mmoja mmoja katika maabara mjini Kitui. Kwa nje waling'aa kuliko wenzao. Ndani, damu yao ilikuwa imeishiwa sukari, na mahali pa mayai pamejaa vijidudu vya kichocho. Kichocho hula sukari yote, hufunga kizazi, na konokono huzidi kunenepa kana kwamba hana neno.

"Kama mimi tu," alisema.

Mulei, mwenzake wa maabara, alielewa. Aliijua habari yake. Syombua alikuwa ameolewa karibu na bwawa walikotoka konokono hao, huko Kanyangi. Miaka minane alifua na kuteka maji humo, miguu ndani. Mtoto hakuja. Mama mkwe akamwita mti usiozaa. Kanisani wakamwombea mpaka akaona haya kwenda. Mwishowe mumewe, Mwangangi, akamrudisha kwao Mbooni. Daktari alipogundua kwamba ni kichocho kilichomharibu kizazi, dawa haikuwa na la kuokoa.

"Watu wa kule lazima waambiwe," Mulei akasema.

"Nitaenda mwenyewe."

Alienda Jumamosi. Mbele ya kanisa alitia konokono kwenye glasi ya maji, akaiweka juani. Vijidudu vikaanza kutoka, vikiogelea kama vumbi lenye uhai, vikitafuta ngozi ya kupenya. Akina mama wakapiga kelele. Wakaapa kutokanyaga tena bwawa lile mpaka litibiwe. Mmoja alimshika mkono, akamwomba msamaha kwa maneno ya zamani. Syombua alijisikia mwepesi kidogo.

Kisha akateremka bwawani kuokota konokono wengine. Msichana mmoja alikuwa ukingoni na beseni la nguo, anavua viatu.

"Si ni wewe madam wa konokono?" msichana akauliza. "Sikufika mkutano, nilikuwa napika. Ati hii maji iko na shida?"

"Wewe ni wa boma gani?"

"Nimeolewa juzi tu, kwa Mwangangi. Mamake anataka mjukuu mbio mbio!" Akacheka, akaziba mdomo kwa aibu.

Syombua aliitazama miguu yake, laini, isiyo na kovu.

"Hapana, mama," akamjibu kwa upole. "Ni konokono tu ndio wagonjwa. Maji ni safi. Ingia."