Kipimo cha Ngumi

Tangu mgodi uporomoke na kumfukia Mwandawiro, mkewe Wakesho hakutoka kwenye mdomo wa shimo. Alikaa hapo akifuma soksi. Ya kwanza aliimaliza mume akiwa bado nyumbani, ikamkaa sawasawa. Ya pili ilikataa kulingana nayo. Uzi ni uleule, sindano ni zilezile, lakini vidole vyake vya hofu viliukaba uzi, na kila alipoifumua akaianza upya, ilizidi kuwa ndogo.

"Lete nipime," alisema mama mkwe, aliyeketi kando yake.

Mjini pale kila mfumaji anajua kwamba unyayo wa mtu hulingana na mzunguko wa ngumi yake, na Mwandawiro alirithi mikono ya mama yake. Bikizee akakunja ngumi, Wakesho akaizungushia soksi. Ncha haikufika kwenye kisigino.

"Haimtoshi, mama. Nifumue tena?"

"Fumua, mwanangu. Miguu yake haivumilii baridi."

Wakesho alikuwa akiutafuta mwisho wa uzi msimamizi wa waokoaji waliokuwa wakifukua shimo alipoinua mkono. Majembe yakanyamaza. Watu wote wakabana pumzi, wasikie kama kuna anayegonga huko chini. Hapakusikika kitu.

Mama mkwe hakuikunjua ngumi. Aliinama, soksi ikiwa bado imeizunguka, akagonga ardhi taratibu, kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Kisha akalaza sikio lake udongoni. Wakesho akabaki ameushika uzi, hauvuti.