Dawa ya Kukonda

Nilipolitikisa kopo la vidonge halikulia. Ndani ilibaki pamba tu.

Daktari wa Dar alinionya nisivikose vidonge vile hata asubuhi moja. Tumbo langu limekatwa, limebaki dogo kama ndizi, na bila dawa linaweza kutoboka. Nilibeba vya kunitosha mpaka ngoma ya mwali iishe. Hapa kijijini Kinole nitavipata wapi?

"Nani kagusa dawa zangu?"

Dada Zaina alikuwa chumbani, akihangaika na sare. Ndugu wote wa kike wa mwali tumeshona kitenge kimoja, na zipu yake ilikuwa imekwama katikati ya mgongo.

"Nimemeza mimi," alisema bila kugeuka. "Vitatu vitatu kila nikiamka. Unakonda peke yako, halafu dawa unatuficha!"

"Ile ni ya kulinda tumbo, dada! Tumbo langu! Unajua umenifanyia nini?"

"Mchoyo wewe. Tangu utotoni."

Nilipandisha blauzi, nikaukamata mkono wake na kuukandamiza juu ya makovu yangu.

"Hivi ndivyo nilivyokonda! Nimepasuliwa! Shika, shika vizuri!"

Kidole chake kilipita kutoka kovu moja hadi jingine, taratibu, kama anayekagua mshono wa fundi. Nilingoja aniombe radhi.

"Kumbe wanapasua," alisema. "Hospitali gani?"