Sauti ya Marehemu Shekue

Arobaini ya marehemu ikishasomwa, sheria huamuru kila mashine ifute sauti yake, eti wafiwa wapumue. Simu za mtaa mzima zilitii. Kompyuta kuukuu ya Bi Mwantumu, yenye mfumo wa Linux, unaomtii mwenyewe tu, aliowekewa na mumewe Shekue, ilipiga hodi kwanza: “Nifute?”

“Thubutu!” akasema, akabonyeza hapana. Akaishukuru kama mkwe mwenye adabu.

Tangu hapo, kila akipika humfungulia Shekue kwenye kompyuta alalamike: “Chumvi yote hii, mke wangu! Wanipikia au wakausha samaki wa ng'onda?”

“Kula, mzee. Ushakufa, presha ya nini?”

Miaka ikaenda. Bintiye Tatu, ambaye simu yake ilishafuta sauti ya baba siku nyingi, akaja likizo, akasikiliza, akacheka mpaka machozi.

“Mama, huyu mzee mcheshi ni nani?”

Bi Mwantumu akamsogezea kigoda. “Kaa, mwanangu. Leo utakula na baba yako.”