Gari Lililonuka Nyumbani Tu

Mchungaji Makokha alishuka kabla gari halijasimama sawasawa, kitambaa puani, machozi yakimlengalenga.

"Asante kwa lifti, Mzee Cleopas," alisema. "Sehemu iliyobaki nitatembea. Daktari ameniambia nitembee."

Sehemu iliyobaki ilikuwa kutoka Kisugu hadi Port Bell, zaidi ya saa nzima kwa miguu katika jua la Kampala.

Cleopas Ondiek alibaki ameshika usukani, hajui aweke wapi uso wake. Gari lilikuwa spoti nyekundu ya zamani, ya milango miwili, ndoto yake tangu alipokuwa kijana muuza mabati kule Busia. Amelipata nywele zikiwa zimeanza mvi, na sasa linanuka petroli kama limetolewa kwenye kisima cha mafuta. Mbu wa Kisugu walikuwa wameacha kukatiza uani kwake. Jirani aliyezoea kuvutia sigara ukutani alihamia mtaa wa pili, na hakuaga.

Mtu mmoja tu hakulalamika. Mkewe, Nerima, ambaye siku gari lilipofika alisema angekuwa na kiberiti angelichoma, siku hizi ndiye wa kwanza kuingia. Kila safari yumo: sokoni, kanisani, Nateete kumwona binti yao Adero aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Na vioo hataki vishushwe.

"Vumbi, Baba Adero."

"Na hii harufu?"

"Harufu gani?"

Cleopas alifurahi. Alidhani mke hatimaye amelikubali gari.

Fundi wake alikuwa Valère, Mkongo wa Bukavu mwenye gereji Nateete. Valère alibadilisha mipira ya petroli, akabadilisha filta, akafungua kabureta, akashusha hata tenki. Gari likilala gerejini linaamka safi. Likirudi Kisugu, kesho yake linanuka.

Siku ya aibu ya mchungaji, Cleopas alikwenda gerejini moja kwa moja.

"Unalimwagia petroli wewe," alimwambia Valère mbele ya wateja, "ili nirudi kila wiki. Leo tunakwenda polisi."

Valère alifuta mikono taratibu.

"Mzee, motokari yako iko muzima. Hapa hainuke, kwako inanuka. Sasa ni mimi nalala kwako?"

Gereji nzima ilicheka. Fundi wa magurudumu aliketi chini kabisa ili acheke vizuri.

"Tafuta kwako kwanza," Valère akaongeza. "Ukikosa, nitakupeleka polisi mimi mwenyewe."

Cleopas alirudi nyumbani akatafuta. Chini ya kiti cha abiria, ndani kabisa, mkono wake uligusa kopo la siagi lenye kifuniko. Alipolifungua, harufu ya petroli ilimpiga usoni. Ndani kulikuwa na kipande cha nguo kimeloa chepechepe, na nguo yenyewe aliijua. Kilikatwa kwenye kanga ya Nerima.

Maneno ya kiberiti yalimrudia, na safari hii hayakusikika kama utani. Kumbe mwanamke aliyeishi naye tangu ujana alikuwa anajiandaa kulichoma gari, pengine na mwenyewe akiwa ndani. Na yeye amemtukana mtoto wa watu bure, mbele ya wateja wake.

Alirudisha kopo. Akamwambia mkewe anakwenda dukani, kisha akazunguka nyumba na kujikunja nyuma ya tangi la maji. Mzee wa kanisa, amechuchumaa kama mwizi wa kuku nyumbani kwake mwenyewe. Jogoo wa jirani alikuja, akamtazama vizuri, akatikisa kichwa na kwenda zake.

Nerima alitoka jikoni. Aliangalia getini, akaangalia dirisha la jirani, halafu akaingia garini upande wa abiria na kuvuta mlango polepole.

Cleopas alingoja moshi. Alijaribu kufikiria ni kipi angekiokoa kwanza, gari au mke, na alipoona kwamba anafikiria, aibu ikamshika upya. Akakurupuka, magoti yakilia, akaufungua mlango kwa nguvu.

"Kiberiti kiko wapi?"

Nerima alikuwa amelaza kiti, macho amefumba, kile kitambaa kimemfunika pua, akivuta pumzi taratibu kama mtu aliyepita nje ya nyumba inamopikwa pilau. Aliruka, nusura kichwa kigonge paa.

"Kiberiti cha nini?"

"Unataka kunichomea gari, Mama Adero. Nimekukosea nini?"

Alimtazama kana kwamba hamjui. Halafu akavuta kanga na kujifunika uso wote, na sauti ikatokea humo ndani, ndogo, ya msichana.

"Mara ile ilikuwa pikipiki yako," alisema. "Kule Busia. Nilikuwa naiingiza jikoni ninuse tangi. Ukanicheka mpaka Adero akazaliwa."

Cleopas alishika mlango wa gari.

"Juzi kliniki ya wajawazito tulikaa benchi moja, mimi na Adero," sauti ikaendelea. "Nilimwambia nimemsindikiza. Walipoita jina langu nikapimwe, nikanyamaza."