Rim ya Waiyego

Stima ilipotea gundi ikiwa bado mbichi.

Mota ambayo Waiyego aliitoa kwa maikrowevu mbovu ikanyamaza. Rim ya baiskeli iliyozungushwa na mota hiyo ikasimama, na samaki wote wa mbao waliofungwa juu yake, chambo za kuvulia alizochonga mwenyewe. Gundi ikaanza kuteremka tumboni mwa yule mwekundu, ikaning'inia kama kamasi.

“Ai, si leo jameni!” Akashika rim, akaizungusha kwa mkono, pole pole, ili gundi ikauke sawasawa.

Ndio honi ikalia kwa geti. Mama mwenye duka la wavuvi, yule aliyebembelezwa kwa simu mwezi mzima aje kununua chambo, amefika.

“Hodi! Huku Yamumbi kuna watu ama mlihama?”

“Nakuja, mama! Ngoja kidogo tu!”

Mbwa wa jirani akabweka, akaimeza sauti ya Waiyego yote. Gari likawashwa tena.

Akiachilia rim, samaki wameharibika. Asipoachilia, mnunuzi ameenda.

Waiyego akang'oa rim kwa stendi, akakatiza mbio katikati ya shamba la sukuma wiki, akiizungusha kifuani kama dereva aliyepotelewa na gari. Komeo la geti akalifungua na kiwiko.

“Karibu sana,” akahema, akimsukumia rim mikononi. “Shika hapa, mama. Zungusha, usisimame!”